Pikapu Iliyolala Chini

Wiki hii zamu ya kuandika historia imetuangukia sisi wa darasa la ufundi magari. Tunajua wengi mnasubiri makala kuhusu wafalme au vita kuu, kama walivyoandika wenzetu waliotangulia. Sisi tumekuja na gari, tena gari bovu kwa macho ya watu wengi. Tunaomba mtuvumilie hadi mwisho.

Ilianza na picha. Mwenzetu mmoja aliyesoma na sisi hapa kambini, kabla familia yake haijapata nafasi ya kwenda nchi ya tatu, alitutumia picha kutoka San Diego, California, Marekani. Kwenye picha kuna Toyota pikapu ndogo ya miaka ya themanini, ile yenye uso wa mraba ambayo mtu yeyote aliyekulia Uvira, Fizi au huku Kigoma anaitambua hata gizani kwa mlio wake. Lakini hii imelala. Tumbo lake limekaribia lami kiasi kwamba paka akitaka kupita chini itabidi afikirie mara mbili. Tairi za nyuma zimezama ndani ya bodi. Rangi ni ya zambarau, inang'aa kama imepakwa mafuta ya nazi.

Simu ilizunguka mkono kwa mkono. Fundi wetu, mzee anayetufundisha, aliitazama akarudisha bila kusita: "Hiyo springi zimekufa zote." Mwingine akauliza imebeba nini. Tukamuandikia mwenzetu, naye akajibu kwamba haijabeba kitu chochote, sehemu ya nyuma iko tupu kabisa. Imeshushwa kwa makusudi. Mwenyewe alinunua vifaa, akatoa pesa yake mfukoni, ili gari liwe hivyo.

Hapo ndipo mabishano yalianza, na yalichukua jioni nzima.

Ili mtu aelewe kwa nini tulibishana, lazima ajue sisi tunaijuaje pikapu. Pikapu isiyo na mzigo hukaa imeinua makalio. Springi zake za nyuma ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya lingine na kufungwa pamoja, na yametengenezwa kubeba nusu tani au zaidi, kwa hiyo kama hakuna kitu yanabaki yamekakamaa. Ukiweka mzigo yananyooka. Ukizidisha yanapinda kuelekea upande wa pili. Kwetu mtoto mdogo tu akiona pikapu imelala anajua imebeba: mihogo, mbao, dagaa, au watu. Mmoja wetu anakumbuka usiku ambao familia tatu zilipanda pikapu moja na magodoro na masufuria, na dereva alikuwa anasimama kila baada ya muda kuangalia chini kwa tochi, maana tairi lilikuwa linasugua bodi na moshi wa mpira ulikuwa unanuka. Yeye alikuwa na miaka sita. Anasema hadi leo akisikia ile harufu anashika kitu kilicho karibu.

Na kuna pikapu nyingine, ya watu wenye silaha wamekaa pembeni miguu imening'inia. Hiyo hatuhitaji kuieleza hapa. Dunia yenyewe inaijua, kwa sababu mwaka 1987 jeshi la Chad lilipolishinda jeshi la Libya kule jangwani kaskazini, lilitumia pikapu hizi kwa wingi mpaka mapigano yale yakapewa jina la Vita ya Toyota.

Kwa hiyo kuona pikapu ileile imelazwa chini mpaka haiwezi kupita shimo, haiwezi kubeba gunia, haiwezi kukimbia, ilitushangaza. Baadhi yetu walisema huo ni ujinga wa watu walioshiba. Wengine wakasema hapana, hebu tutafute kwanza ilikotoka. Tumetafuta. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Habari hii haikuanzia kwenye pikapu. Ilianzia kwa vijana wa Kimarekani wenye asili ya Meksiko, huko Los Angeles na miji mingine ya kusini magharibi mwa Marekani, katika miaka ya 1940. Wengi walikuwa watoto wa vibarua wa mashambani na viwandani. Walikuwa na mtindo wao: suti pana, suruali iliyobana kwenye kifundo cha mguu, nywele zimechanwa kwa ustadi. Si kila mtu aliwapenda. Mwezi Juni 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabaharia na askari waliokuwa Los Angeles waliingia mitaani siku kadhaa wakiwapiga vijana hao na kuwavua nguo hadharani. Waliokamatwa na polisi kwa wingi walikuwa waliopigwa. Tuliposoma hapo, chumba kilinyamaza kidogo.

Baada ya vita, vijana hao na wadogo zao wakaanza kununua magari. Si mapya. Walinunua Chevrolet zilizotumika, kwa sababu zilikuwa nafuu na vipuri vyake vilipatikana. Wakati huohuo vijana wengi wazungu wa California walikuwa na mashindano yao ya magari: kuondoa uzito, kuongeza nguvu ya injini, kuinua nyuma, kwenda kasi. Hawa wengine wakafanya kinyume. Wakayashusha na kuyaendesha taratibu kabisa, madirisha wazi, muziki ukisikika, ili kila mtu pembeni ya barabara apate muda wa kutazama. Msemo wao kwa Kihispania unamaanisha chini na polepole. Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuhitaji kufundishwa kwamba polepole ndio mwendo, ila hatukujua kwamba inaweza kuwa ubishi.

Namna ya kushusha ilikuwa ya kimaskini. Njia ya kwanza: weka mifuko ya saruji au mchanga kwenye buti. Gari linalala, na ukitaka kusafiri mbali unaitoa. Njia ya pili: kata pete moja au mbili za springi ya mduara kwa msumeno. Njia ya tatu: ipashe springi moto kwa gesi mpaka ilegee na kushuka yenyewe. Fundi wetu aliposikia hii ya tatu alishika kichwa. Akatueleza kwamba chuma cha springi kimepikwa kwa namna maalumu kiwandani ili kikumbuke umbo lake, na ukikichoma hovyo kinasahau. Kinakuwa chuma cha kawaida. Leo kimeshuka inchi mbili, mwezi ujao kimeshuka nne, siku moja kinakatika kwenye kona. Basi tukikubali kitu kimoja tu katika makala hii, tukubaliane na mzee: msiwashe gesi chini ya springi.

Serikali ya California haikuchelewa. Kanuni ya magari ya jimbo, kifungu cha 24008, ilianza kutumika mwaka 1958. Ilisema gari lililobadilishwa lisiwe na sehemu yoyote iliyo chini zaidi ya ukingo wa chini wa rimu zake. Yaani chora mstari kwenye rimu pale inapoishia chini. Kama bamba lolote, bomba la moshi, au ubavu wa bodi umeshuka chini ya mstari huo, una kosa. Maneno yenyewe hayataji kabila la mtu. Lakini kila mtu alijua ni magari ya nani yaliyolala namna hiyo, na polisi akitaka kumsimamisha kijana fulani sasa alikuwa na sababu inayopimika kwa rula.

Hapa ndipo historia inakuwa tamu. Kijana mmoja wa kusini mwa California, Ron Aguirre, alikuwa na Chevrolet Corvette ya 1957 iliyoshushwa, na alikuwa amechoka kupewa faini. Yeye na baba yake wakatafuta pampu na mitungi ya haidroliki kutoka kwenye ndege, vifaa vilivyokuwa vikiuzwa kama chakavu, wakavifunga kwenye gari. Kufikia mwaka 1959 gari lake lilikuwa linapanda na kushuka kwa swichi. Barabarani mbele ya polisi, swichi moja, gari liko juu, halali kabisa. Polisi akipita, chini tena. Tumecheka sana hapa. Mtu yeyote aliyewahi kuishi mahali penye sheria nyingi anajua raha ya kumtii askari kwa sekunde ishirini.

Vifaa hivyo, vilivyotengenezwa kwa ajili ya ndege za kijeshi, vikaingia mitaani kwa wingi katika miaka ya 1960 na kuendelea. Baadaye yakaja yale magari ya kurukaruka mnayoyaona kwenye video za muziki. Hayo tunayaruka, maana si mada yetu. Mada yetu ni pikapu, na pikapu ilikuja kwa mlango mwingine, mlango wa kuku.

Ndiyo, kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wafugaji wa Marekani walikuwa wanauza Ulaya kuku wengi wa bei nafuu, na nchi za Soko la Pamoja la Ulaya, zikiwemo Ujerumani Magharibi na Ufaransa, zikaweka ushuru kuwazuia. Marekani ikalipiza. Rais Lyndon Johnson aliweka ushuru wa asilimia 25 kwenye bidhaa chache kutoka nje, na mojawapo ilikuwa malori madogo. Ulianza 1964. Waliolengwa walikuwa Wajerumani na gari zao za Volkswagen za mizigo. Ushuru mwingine uliondolewa baadaye, lakini huu wa malori madogo haukuondolewa, na miaka zaidi ya hamsini baadaye watu bado wanauita kodi ya kuku.

Wajapani nao wakaguswa. Datsun walikuwa wanauza pikapu ndogo Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na Toyota wakafuata. Wakagundua kwamba ukileta gari lenye kichwa na chasi tu, bila sehemu ya nyuma ya mizigo, forodha inalihesabu kama gari ambalo halijakamilika na ushuru unakuwa asilimia 4. Basi wakaleta vichwa upande huu na ndoo za mizigo upande ule, vikafungwa pamoja baada ya kufika. Kazi ya muda mfupi tu. Hata kampuni za Marekani zilifanya hivyo: Ford waliuza pikapu iitwayo Courier ambayo ilitengenezwa na Mazda, na Chevrolet wakauza LUV ambayo ilikuwa Isuzu. Zote mbili ziliingia sokoni 1972. Mwanya huo ulizibwa mwaka 1980. Mmoja wetu ambaye mama yake huuza vitenge alisema yeye haoni ajabu yoyote, mbinu hiyo ya kutenganisha mzigo kabla ya mpaka anaijua tangu utotoni. Hatutaji mpaka gani.

Kisha mwishoni mwa 1973 nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zikaiwekea Marekani vikwazo, na bei ya pipa la mafuta ikapanda karibu mara nne ndani ya miezi michache. Magari makubwa yanayokunywa petroli yakawa mzigo. Pikapu ndogo za Kijapani zilikuwa rahisi kununua, zilikunywa kidogo, na hazikufa. Kijana aliyemaliza shule na kupata kazi yake ya kwanza angeweza kununua moja iliyotumika. Na kijana yuleyule, mdogo wa wale wa miaka ya 1940 au jirani yao tu, Mmeksiko, Mfilipino, mweusi, mzungu, akaitazama ile pikapu iliyoinua makalio kama bata, akaona haipendezi. Kufikia miaka ya 1980 kulikuwa na vikundi vizima vya vijana wa pikapu ndogo zilizoshushwa, na majarida yao, na mikutano yao.

Sasa tuingie chini ya gari, maana hapa ndipo darasa letu lilifurahi zaidi.

Mbele. Pikapu nyingi za Kijapani za wakati ule hazina springi ya mduara mbele. Zina fimbo ndefu ya chuma, moja kila upande, inayolala kufuata urefu wa gari. Mafundi huita torsheni. Ncha moja imeshikwa na mkono wa tairi, ncha nyingine imeshikwa kwenye chasi kwa boliti ya kurekebishia. Tairi likipanda, fimbo inajisokota kama kitambaa kinachokamuliwa, halafu inarudi. Kiwanda kiliweka ile boliti ili fundi aweze kusawazisha urefu gari linapozeeka. Vijana wakagundua kwamba ukiilegeza, mbele inashuka. Hakuna kukata, hakuna kuchoma, hakuna kununua kipuri. Jeki, spana moja, nusu saa. Nadhani hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote kwa nini ni pikapu hizi na si nyingine: kiwanda chenyewe kiliacha mlango wazi, na maskini aliyekuwa na spana aliuona.

Nyuma ni kazi zaidi. Kwenye pikapu hizi ndogo ambazo tairi za nyuma tu ndizo zinasukuma, mara nyingi ekseli imekaa juu ya yale mabamba ya springi na kufungwa kwa boliti za umbo la U. Ukilegeza boliti hizo na kuingiza kipande cha chuma cha inchi mbili au tatu kati ya springi na ekseli, ekseli inasogea juu kuelekea chasi. Kwa macho yako wewe unayesimama nje, gari ndilo limeshuka, kama sentimita tano hadi saba na nusu. Lazima uwe na boliti za U ndefu zaidi. Kwenye zile ambazo springi iko juu ya ekseli kazi ni ya kugeuza: unaitoa ekseli chini ya springi na kuipandisha juu yake, na unahitaji viti vipya vya kuchomelea.

Halafu unaanza kulipa deni. Ekseli sasa iko karibu mno na chasi, ukipita tuta inagonga chuma kwa chuma, na kila kigongo unakisikia kwenye meno. Wanaotaka kushuka zaidi hukata kipande cha chasi juu ya ekseli, umbo la nusu mwezi, na kuchomelea bamba nene la kuimarisha. Shokapu za kiwandani zimekuwa ndefu kupita nafasi iliyobaki, zinajaa mpaka mwisho na kufa haraka, kwa hiyo unatafuta fupi. Tairi za mbele zinainama na kulika upande wa ndani. Bomba la breki lazima uangalie lisivutwe wala kubanwa. Taa zinaangaza lami ya karibu badala ya barabara. Na mzigo sahau. Fundi alihesabu haya kwenye vidole vyake akafika cha nane, akasema, "Kwa hiyo mtu amenunua farasi akamkata miguu."

Katika miaka ya 1980 na 1990 walizidi hata hapo. Walitoboa na kukata sakafu ya bodi ili bodi yenyewe ishuke juu ya chasi. Walifunga haidroliki kwenye ndoo ya nyuma ili inyanyuke, igeuke na kucheza peke yake. Kisha wakachukua mifuko ya hewa, ileile inayobeba mabasi na matrela, wakaweka ndogo badala ya springi, pamoja na kompresa na tangi. Ukitoa hewa, gari linakaa chini kama ngamia. Ukijaza, linasimama na kuondoka. Kwa hiyo swichi ya Aguirre ilirudi kwa umbo lingine.

Na sheria pia ilirudi. Kile kifungu 24008 hakikuishia kwenye magari madogo, kiliyahusu pia magari ya kazi yenye uzito chini ya pauni 6,000, yaani kama kilo 2,700, kwa hiyo pikapu ndogo ziliingia. Katika miaka ya 1980 miji ya California ikaruhusiwa kupiga marufuku kile kitendo cha kuzunguka taratibu na gari. Kosa lilielezwa hivi: kupita sehemu moja mara kwa mara ndani ya muda fulani penye msongamano. Soma tena. Kosa si mwendo kasi wala ulevi. Kosa ni kupita tena. National City, mji ulio kusini kidogo tu mwa katikati ya San Diego, anapoishi mwenzetu sasa, uliweka marufuku yake mwaka 1992.

Hapa tuliposimama kidogo, mfanyakazi mmoja wa shirika aliyetusaidia kusoma rasimu alituuliza, kwa upole, kwa nini tusiandike kuhusu kitu kinachowahusu wakimbizi. Hatukuwa na jibu siku hiyo. Siku ya pili mwenzetu wa San Diego akatutumia mahali ile picha ilipopigwa, tukasoma.

Ilipigwa kwenye bustani iliyo chini ya daraja. Mtaa huo unaitwa Barrio Logan, ni mtaa wa zamani wa watu wenye asili ya Meksiko. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 barabara kuu namba 5 ilipasuliwa katikati yake, na mwaka 1969 likafunguliwa daraja la kwenda Coronado ambalo nguzo zake zilisimikwa palepale. Familia nyingi zilihamishwa, nyumba zikavunjwa. Watu waliobaki waliomba angalau ile ardhi chini ya daraja iwe bustani. Tarehe 22 Aprili 1970 wakakuta matingatinga yameanza kazi, na wakaambiwa panajengwa kituo cha polisi wa barabara kuu. Wanafunzi, akina mama, wazee, wakaingia na kukaa mbele ya mashine. Walikaa siku kumi na mbili, wakipanda miti na maua. Mwisho wakapewa. Leo inaitwa Chicano Park, nguzo nyingi za daraja zimechorwa picha kubwa za historia yao, na kila Aprili wanapoadhimisha siku ile, magari yaliyoshushwa yanapangwa mistari chini ya saruji iliyobomoa nyumba zao.

Tulimpelekea yule mfanyakazi. Akasema sawa, andikeni.

Mwaka 2023 National City iliondoa marufuku yake. Mwaka huohuo gavana wa California, Gavin Newsom, alitia saini sheria iliyofuta kifungu 24008 na kuziondolea halmashauri mamlaka ya kuzuia kuzunguka. Mswada uliletwa na mbunge David Alvarez, ambaye alikulia Barrio Logan. Ulianza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2024. Toka 1958 hadi hapo ni miaka 66 ya rula na rimu. Wakati huo gari moja la namna hii, Ford ya 1969 kutoka Chimayó, New Mexico, lilikuwa tayari limeshawekwa kwenye jumba la makumbusho ya taifa la Marekani mjini Washington. Yaani serikali kuu imelitunza kama urithi, na jimbo la California bado lilikuwa linaandika faini.

Mabishano yetu hayakuisha, msidhani. Wapo bado wanaosema mtu aliyewahi kukimbia hawezi kununua gari lisiloweza kukimbia. Yule mwenzetu wa harufu ya mpira yeye anasema angelitaka. Anasema angelipaki nje ya nyumba, akatoa hewa yote likalala, akaenda kulala ndani. Hatukumuuliza zaidi.

Jumamosi tuliyomaliza kuandika, kwenye gereji kulikuwa na pikapu ya mfanyabiashara wa mahindi, Toyota ileile, umri uleule. Fundi alikuwa anaiongezea bamba la tatu la springi lililotoka kwenye lori, ili ibebe zaidi bila kusugua. Nyuma ilikuwa imepanda mpaka mtoto angeweza kutembea chini yake bila kuinama. Tukaipiga picha tukamtumia mwenzetu, naye akamuonyesha mwenye pikapu ya zambarau. Tukamwambia amuulize pia swali la fundi, kama ekseli yake iko juu ya springi au chini, kwa sababu kwenye picha haionekani na yeye mwenyewe alishindwa kuchungulia.

Jibu lilikuja usiku. Mwenye gari alipandisha kwa jeki, wakapiga picha ya chini: ekseli juu, kipande cha chuma cha inchi tatu, boliti za U mpya. Fundi aliikuza kwa vidole viwili, akaangalia muda mrefu, akasema uchomeleaji ule kwenye chasi ni safi, mtu huyo anajua kazi. Chini ya picha mwenye gari naye alikuwa ameuliza swali lake, mwenzetu akatutafsiria: "Hiyo ya kwenu mbona imeinuliwa hivyo, imeharibika nini?"